Nimemwambia mwanangu nimepona, na goti linauma vilevile

Dada mshauri, assalamu alaykum.

Mimi ni mjane wa miaka 57, naishi Tanga. Nauza maandazi na chapati, na kwa karai hilohilo nimesomesha watoto wangu. Saa kumi alfajiri niko jikoni, saa kumi na mbili vijana wa bodaboda wameshafika kudai chai. Nina sukari, natumia vidonge. Uzito wangu sitautaja, ila kiti cha plastiki nikikaribishwa nakikagua miguu kwanza.

Goti la kulia lilianza miaka minne iliyopita. Mwanzo lilikuwa linauma kwenye ngazi tu, kisha ikawa kuchuchumaa chooni ni kazi, kisha nikashindwa kusujudu. Mwaka wa pili huu naswali kwenye kiti. Hospitali walinipiga eksirei, daktari mmoja kijana akanionyesha upande wa ndani mifupa imekaribia kugusana, akasema hatua ya tatu. Akaniandikia vidonge, akaniambia nipunguze mwili na niende chumba cha fiziotherapia nikafundishwe mazoezi. Sikwenda. Niliona kama amenifukuza kwa adabu. Mtu analia goti, unamwambia akafanye mazoezi?

Mwanangu mkubwa yuko Muscat, anapakia mizigo kwenye ghala la vyakula. Yeye aliona tangazo la kliniki moja ya Dar, akapiga simu mwenyewe, akalipa mwenyewe, sindano tatu, laki saba kila moja. Nikapanda basi, nikakaa kwa dada yangu Temeke wiki tatu. Kila wiki walinitoa damu mkononi, wakaizungusha kwenye mashine, ikatoka imejigawa, chini nyekundu, juu maji ya njano kama samli iliyoyeyuka. Hayo maji ndiyo waliyonidunga gotini. Walisema yana chembe za kuponya na kwamba goti litaota upya.

Siku mbili za kwanza nililia. Baada ya hapo, wallahi, nikapata nafuu. Kwa kama miezi miwili nilipanda daladala bila kushikwa mkono. Mwanangu akipiga simu ya video anasema, "Mama, hebu tembea nikuone." Naegemeza simu kwenye mtungi, naenda mpaka mlangoni na kurudi. Anacheka, anaita wenzake chumbani waje waone.

Mwezi wa tatu maumivu yakarudi, na huu ni wa sita. Lakini akipiga bado anasema, "Mama, tembea." Nami natembea. Goti nimelifunga bendeji chini ya kanga, meno nimeyauma, uso unacheka. Nikikata simu nakaa robo saa nzima ndipo ninyanyuke.

Sasa ile kliniki ilinipigia kuniuliza hali. Wao niliwaambia ukweli. Wakasema goti langu sugu, linataka hatua ya pili, sindano ya seli shina zinazotoka kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Milioni nane. Nikilipa kabla ya mwisho wa mwezi napunguziwa milioni moja. Kumbe na mwanangu walishampigia, namba yake iko kwenye fomu. Yeye hakuambiwa kuwa maumivu yamerudi, aliambiwa tu kuna sindano ya kukamilisha. Akaniambia, "Mama, kama ya kwanza imekufanya utembee hivi, hii itamaliza kabisa." Pesa anazo, ni za mahari. Ndoa ilikuwa Desemba. Anasema mke atasubiri, goti la mama halisubiri.

Binti yangu ni mwalimu wa baiolojia, anaishi jirani nami na anaona ninavyotambaa. Yeye tangu mwanzo alisema, "Mama, wanakuuzia damu yako mwenyewe." Wamegombana na kaka yake kwenye kundi letu la WhatsApp. Kaka kamwambia ana kijicho kwa sababu hatoi hata shilingi, dada akajitoa kwenye kundi. Sasa ameniambia nisipomwambia kaka yake ukweli kufikia mwisho wa mwezi, atamwambia yeye.

Dada, hizi seli zinaponya kweli? Na nikimwambia mwanangu kwamba milioni mbili na laki moja zake zimekwenda na maji, nitamtazama vipi? Alipakia magunia usiku kwa pesa hiyo.

Mama Maandazi, Tanga

*

Wa alaykumu salaam, Mama Maandazi, dada yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kabla ya kazi hii ya kujibu barua niliuguza wodi ya mifupa kwa miaka mingi, basi utaona nachanganya ya ushauri na ya uuguzi. Kuhusu matibabu yako wewe, hata hivyo, atakayesema ni daktari aliyelishika goti lenyewe.

Nikikuelewa, una goti lililosagika, una mtoto aliyejitolea, na una neno "nimepona". Siku ulipolisema lilikuwa na ukweli ndani yake, sasa ukweli umelitoka na neno limebaki. Umeniuliza zaidi habari za sindano, lakini mimi naona hilo neno ndilo linalokuzidishia ugumu. Mwanao hajakosea hesabu. Ameambiwa sindano za kwanza zimefanya kazi, na kwa macho yake amemwona mama anatembea. Mtoto gani mwema asingetoa mahari yake? Anaamua jambo la milioni nane kwa ushahidi wa goti lenye bendeji chini ya kanga.

Sikuiti mwongo. Ulipata nafuu ukaiita kupona, kama tunavyofanya sote tukijuliwa hali na mtu aliye mbali. Lakini umeandika kwamba pesa yake "imekwenda na maji". Una hakika? Miezi miwili ya kupanda daladala bila kushikwa mkono ni kitu, hata kama haikudumu. Hiyo ulipewa na mwanao. Kama ni sindano iliyokupa, hilo ni suala lingine, na hapo nitakaa kidogo.

Binti yako amepata nusu. Damu ni yako kweli, unacholipia ni mashine, mikono na madai. Wazo lenyewe halikuanza kama utapeli. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu, ndiyo maana likichakaa halijitengenezi kama ngozi. Na zile chembe zinazogandisha damu hubeba protini zinazoamsha uponaji kwenye kidonda. Basi watu wakasema tuzikusanye tuzipeleke kwa sindano pale ambapo damu haifiki. Kwa maneno, linaingia akilini kabisa.

Likapimwa. Mwaka 2021 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la watu 288 wa miaka 50 na zaidi, wenye magoti yaliyosagika kidogo au kwa wastani. Wengine walidungwa maji hayo ya damu, wengine maji ya chumvi tu, mara tatu, wiki baada ya wiki kama wewe, na mgonjwa hakujua kadungwa nini. Baada ya mwaka mmoja, kwenye kipimo cha maumivu cha sifuri hadi kumi, waliopata damu walishuka kwa 2.1, wa maji ya chumvi kwa 1.8. Tofauti hiyo haitoshi kusema dawa ndiyo iliyofanya. Na picha za MRI zilionyesha gegedu imeendelea kupungua karibu sawa pande zote mbili. Kuota upya hakukuonekana.

Lakini ona: hata wa maji ya chumvi walipata nafuu! Maumivu ya goti yana kupanda na kushuka, na mtu hutafuta sindano siku yalipopanda juu kabisa. Tumaini nalo lina nguvu yake mwilini. Halafu kuna jambo umeliandika bila kulitilia maanani: ulikaa Temeke wiki tatu. Wiki tatu hukuamka saa kumi, hukuinamia karai. Ulirudi Tanga, ukarudi jikoni, na mwezi wa tatu maumivu yakarudi. Sisemi ndiyo sababu. Nasema mtu wa kwanza kuuliza alipaswa awe ile kliniki, na badala yake wakakuambia goti lako sugu.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Zipo tafiti nyingine zilizoona sindano hizo za damu zikisaidia kwa miezi kadhaa, zaidi kwenye magoti ambayo hayajachakaa sana, na wapo madaktari wa mifupa wanaojiheshimu wanaozitumia. Shida ni kwamba kila kliniki ina upishi wake: damu kiasi gani, izungushwe vipi, wapate chembe ngapi. Kwa sababu hiyo madaktari wa baridi yabisi wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2019, walizikataa waziwazi kwa magoti na nyonga zilizosagika. Seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, walizikataa pamoja nazo.

Kuhusu hizo seli, hapo sauti yangu inabadilika. Ya kwanza ilikuwa damu yako, hatari yake kubwa ilikuwa uvimbe, maumivu ya siku chache na, kwa nadra, vijidudu kuingia gotini. Hii ya pili inatoka kwa mtu mwingine. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha bidhaa yoyote ya seli shina kwa maumivu ya magoti. Mwaka 2018 wagonjwa 12 huko Marekani walilazwa hospitali kwa maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa za damu ya kitovu, wengine magotini, wengine mgongoni. Na wewe una sukari. Unajua kidonda cha mtu wa sukari kinavyochelewa. Maambukizi ndani ya kiungo si kidonda cha kufunga na kitambaa.

Ukiamua kuendelea nao, ni haki yako, lakini uwe na maswali mkononi, na umchukue binti yako akuandikie majibu. Ndani ya hicho kichupa mna nini hasa, kimetoka wapi, na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, wanakitambua? Daktari atakayeshika sindano amesajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na ni daktari wa nini? Goti likivimba usiku wa tatu nikiwa Tanga, nampigia nani, na nani atalipa? Na mimi ningeongeza langu: nani aliwaruhusu kuzungumza na mwanangu habari za goti langu? Lile punguzo la mwisho wa mwezi nalo limenishangaza. Goti lako limesagika kwa miaka minne, kwa nini liwe na haraka ya tarehe 30?

Sasa yule daktari kijana. Hakukufukuza, dada yangu, ila hakukueleza. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayolibebea goti mzigo. Goti likiuma mtu hulihurumia, paja linalegea, goti linabeba zaidi, linauma zaidi. Mazoezi anayoyasema si ya kukimbia ufukweni. Ni kukaa kwenye kiti (ulichokwisha kukikagua), kunyoosha mguu, kuuzuia juu ukihesabu mpaka tano, kuushusha taratibu. Ni kunyanyuka kitini bila kushika meza. Wiki za kwanza utachukia, na usitegemee mabadiliko kabla ya mwezi mmoja na nusu au miwili. Hakuna wa kukuitia wenzake chumbani waje waone. Lakini kwa ushahidi, hayo yana mgongo mpana kuliko sindano zote tulizozitaja. Uzito pia: watafiti wa Marekani mwaka 2005 walipima wakaona kila kilo moja mtu anayopunguza inaliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua. Kilo tatu tu ni kilo kumi na mbili kila unyayo, mpaka dukani na kurudi.

Vidonge vya maumivu nina wasiwasi navyo, hujanitajia jina lake. Kama ni diclofenac unayonunua duka la dawa mwenyewe, kwa mtu wa sukari figo ziko hatarini. Uliza kuhusu ile ya kupaka. Huenda pia utatajiwa sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe. Hupunguza maumivu kwa wiki kadhaa, lakini hupandisha sukari kwa siku kadhaa, na jaribio la 2017 la watu 140 lilionyesha kwamba ukidungwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili gegedu hupungua zaidi. Mara moja kwa msimu mgumu ni jambo moja, kuifanya desturi ni jingine. Wengine watakutajia sindano za maji ya sukari. Majaribio madogo yameleta dalili nzuri, ushahidi bado mwembamba. Na mwisho wa barabara lipo goti la bandia, ambalo hata Taasisi ya Mifupa Muhimbili huliweka. Ni upasuaji mkubwa, unataka sukari iliyotulia na pesa au bima. Ukiwa hatua ya tatu huenda hujafika huko, ila ni vizuri mwanao ajue kwamba mahari ikitumika leo kwenye kitovu, siku goti likidai upasuaji mfuko utakuwa mtupu.

Tuje kwa mwanao. Unaweza kunyamaza, ukakataa tu hiyo sindano kwa kisingizio cha kuogopa. Wengi wangefanya hivyo. Hatari yake unaijua: ataendelea kukubembeleza, nawe utaendelea kutembea mbele ya mtungi. Unaweza kumwachia binti yako aseme. Hapo ukweli utafika, lakini utafika kama ushindi wa dada juu ya kaka, na lile neno la kijicho halitafutika. Au useme mwenyewe. Hatari ipo pia. Anaweza kukasirika, anaweza kunyamaza wiki nzima, anaweza hata kushikilia zaidi: kama ya kwanza haikumaliza, basi ndiyo tuilipie ya pili. Ujiandae kwa hilo la mwisho, ndilo ninaloliogopa zaidi.

Umeniuliza utamtazama vipi. Mimi nakuuliza, unajuaje kwamba kinachomfurahisha ni miguu yako? Labda ni kuambiwa kwamba magunia yale ya usiku yana maana. Kama ni hivyo unaweza kumpa hilo bila bendeji. Kwa mfano: "Mwanangu, zile sindano zilinipa miezi miwili nilikuwa sijaipata miaka minne, na kila siku yake nilikuombea. Sasa yamerudi. Sikukuambia kwa sababu niliona unavyofurahi. Pesa ya mahari usiiguse, kuna mambo nataka kujaribu kwanza, na nataka unisaidie." Umpe na kazi ya kufanya, maana mtoto aliye mbali asiyekuwa na la kufanya hutuma pesa. Akupigie saa ya mazoezi, akuhesabie mpaka tano. Muscat wametutangulia saa moja tu. Ukimaliza biashara saa nne asubuhi, kwake ni saa tano.

Binti yako umwite kabla ya simu hiyo. Si kumwomba ruhusa, bali umwambie kwamba utasema mwenyewe, na kwamba yeye anayekuona unavyotambaa naye anatoa, ingawa mchango wake hauonekani kwenye kundi. Sijui kama kuna mtu amewahi kumwambia.

Chumba cha fiziotherapia bado kipo, nenda na ile eksirei ya zamani. Na jiko. Nadhani unakaangia chini, umeinama au uko kwenye kigoda, ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa. Mtafute fundi akujengee matofali, karai liwe usawa wa kiuno, na ununue kiti kirefu, cha mbao, si cha plastiki. Hilo halihitaji ruhusa ya Muscat wala Dar. Kisha uniandikie goti limeamkaje wiki ya pili.